Somo: Kabla hujamwekea mtoto katuni ya kutisha

Habari za jioni wazazi wenzangu. Somo hili nilikuwa nadaiwa tangu ile siku umeme ulipokatika hapa Nkuhungu tukiwa katikati ya Coraline, katuni ya binti anayewindwa na mwanamke anayejifanya mama yake. Mwanangu wa miaka sita alibaki gizani na picha ya mwisho aliyoiona: mama mwenye vifungo vya shati mahali pa macho. Siku nne hakwenda chooni peke yake. Kosa lilikuwa langu, maana niliiweka bila kuitazama. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1. Usidanganywe na neno "katuni".
Kijana anayeniwekea muvi kwenye flashi ana folda moja imeandikwa KATUNI. Humo za watoto wa chekechea zimelala pamoja na Princess Mononoke ya Japani (1997), ambayo mshale unamtoa mtu kichwa. Kuchora ni ufundi tu, hakusemi mtazamaji awe na umri gani.

Hatua ya 2. Soma daraja, halafu litilie shaka.
Bodi yetu ya Filamu hupanga madaraja, lakini faili la kwenye flashi halina muhuri wa mtu, kwa hiyo wengi tunaishia kuangalia la Marekani: G ni ya wote, PG mzazi aamue, PG-13 wazazi wawe waangalifu zaidi kwa walio chini ya miaka 13. Coraline (2009) ni PG, yaani kazi umerudishiwa wewe. Na wakaguzi nao huteleza. Waingereza waliipa Watership Down ya 1978 daraja la U, la watu wote, wakati sungura wanararuana mpaka damu. Zaidi ya miaka 40 ilipita ndipo wakaipandisha kuwa PG. Sisi tuliokuzwa na Sungura mjanja tungeingia mkenge mchana kweupe.

Hatua ya 3. Itazame mwenyewe kwanza, sauti ukiwa umeizima.
Hapa ndipo penye kazi, naomba msiparuke. Watoto wetu wengi wadogo hawafuati Kiingereza cha kwenye filamu. Katika Coraline kuna paka mweusi anayemwonya binti na kumtania, na binti mwenyewe ana majibu ya kijeuri yanayokupa moyo. Yote hayo ni chakula cha masikio. Wa darasa la kwanza anayesoma kwa Kiswahili anabaki na macho tu: sindano, vifungo, mama anayerefuka na kukonda hadi anageuka kama buibui. Filamu anayoiona yeye inatisha kuliko anayoiona mtoto wa London, ingawa ni ileile. Iliyotafsiriwa na DJ nayo ipime upya. Kuna DJ anayepoza hofu kwa utani, na kuna anayetia chumvi mpaka matusi.

Wakati unatazama, andika kwenye karatasi: kinachotisha ni nini, kinakaa muda gani, na kinaishaje. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Coraline inaisha vizuri, wazazi wanarudi, lakini wakisharudi bado kuna mkono wa yule mama bandia unaomfuata binti hadi kisimani. Ukizima pale kwenye kukumbatiana, umeacha mkono nje.

Hatua ya 4. Mpime mtoto wako, si umri peke yake.
Walio chini ya miaka saba hivi huogopa kinachoonekana: meno, macho, sura inayobadilika. Kumwambia "si kweli hiyo" hakusaidii sana. Mpakate, washa taa. Kuanzia nane au tisa wanaogopa kinachoweza kutokea, kama wazazi kutoweka, na hao ndio wa kuelezwa. Halafu kuna kidonda cha mtoto mwenyewe, ambacho hakuna daraja linalokijua.

Hatua ya 5. Mchana, na wewe upo.
Bibi yangu kule Kongwa alitusimulia zimwi linalomeza kijiji kizima, tena usiku. Lakini alikuwa anatusoma nyuso. Akiona mmoja amejikunyata, zimwi linajikwaa, linaanguka kifudifudi, tunacheka. Filamu haimwangalii mtu usoni. Shika rimoti, ufanye ile kazi ya bibi.

MASWALI

Mama wa Kisasa: Dada, wangu mmoja ana 11, mwingine 5. Sebule ni moja, nafanyaje?
Jibu: Pima kwa mdogo. Mkubwa atazame yake mdogo akiwa amelala, na usimwache ajifungie peke yake.

Baba wa Ipagala: Mbona sisi tulitazama kila kitu kwenye vibanda na tumekua salama?
Jibu: Kaka, mimi niliota mazombi hadi darasa la sita. Hakuna aliyeniuliza tu.

Mama mlezi, Makole: Nalea mtoto wa marehemu dada yangu, ana miaka 8, ananiita mama. Hiyo ya vifungo inamfaa?
Jibu: Kwa sasa hapana, mama. Ni hadithi ya mwanamke anayejifanya mama ili amnase mtoto. Siwezi kujua itamgusa wapi, na wewe hutapenda kujua kwa kumjaribu. Mtafutie ambayo mlezi ni mtu mwema.

Mwalimu, Nzuguni: Na siku ya kufunga shule, darasa zima?
Jibu: Nyuso sabini huwezi kuzisoma. Weka ya kuchekesha.

Mama wa Kisasa: Na wako aliimaliza?
Jibu: Aliomba mwenyewe, wiki ya pili. Jumamosi saa nne asubuhi, mlango wazi, kuku wanaingia na kutoka. Nilimsimulia mwisho kabla hatujawasha. Mkono ulipotumbukia kisimani akaniuliza kama wamekifunika. Nikasema wamekifunika. Akanivuta tukaangalie na cha jirani.