Somo: Kuloweka miguu iliyovimba na viungo vinavyouma

Ndugu wanachama, wengi wetu tumekuzwa tukiamini kwamba mguu ukivimba au goti likiuma, dawa ni maji ya chumvi, tena yawe ya moto wa kuunguza. Imani hiyo huchanganya matatizo mawili yasiyofanana. Kiungo kilichokakamaa, kama goti la mzee linalogoma kukunjuka asubuhi, hupata nafuu kwa uvuguvugu, kwa sababu joto hulegeza misuli na kutuliza maumivu. Mguu uliojaa maji baada ya kutwa nzima ya kusimama hautaki joto, kwani joto hutanua mishipa ya damu na maji yakazidi kuvujia kwenye nyama. Huo unataka ubaridi kiasi na kuinuliwa. Kwa hiyo, kabla ya kuinjika sufuria, bonyeza muundi kwa kidole gumba kwa sekunde 10 hivi. Ukiondoa kidole na kishimo kikabaki, mguu una maji.

Mguu mmoja ukivimba ghafla na shavu lake likauma, usiuloweke wala usiukande, kwa maana huenda damu imeganda ndani ya mshipa; nenda hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa anayekosa pumzi akilala chali, au anayeamka uso umevimba: moyo au figo zake zinahitaji kupimwa.

Hatua ya 1: Chombo. Beseni la kufulia hufunika vifundo tu. Ndoo za lita 20, moja kwa kila mguu, ni bora zaidi, kwa sababu maji yakipanda kuelekea goti huukandamiza mguu pande zote, na mkandamizo huwa mkubwa zaidi chini, kwenye kifundo, ambako ndiko kwenye uvimbe. Jaza nusu tu, maana miguu ikiingia maji hupanda.

Hatua ya 2: Maji. Kwa uvimbe, maji ya bomba au ya mtungi yanatosha, na barafu haihitajiki. Kwa kiungo kilichokakamaa, tanguliza maji ya baridi kisha uongeze ya moto kidogo kidogo hadi yafike nyuzi 37 hadi 40 za Selsiasi. Asiye na kipimajoto apime kwa kiwiko, kwani kiganja kilichozoea kuepua sufuria hudanganya. Goti halifikiwi na ndoo, hivyo lizungushie taulo lililochovywa katika maji hayo na kukamuliwa, na ulichovye tena linapopoa.

Hatua ya 3: Muda. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Usikae tu, inua na kushusha nyayo kana kwamba unakanyaga cherehani, kwa sababu misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayorudisha damu juu.

Hatua ya 4: Kuinua. Kausha miguu vizuri, hata katikati ya vidole, kisha lala na uiweke juu ya mito, ipite usawa wa moyo, kwa nusu saa. Hatua hii wengi huiruka. Kwa mguu uliovimba, ningelazimishwa kuchagua moja tu, ningeacha ndoo nikabaki na mito.

Maswali ya wanachama

Swali: Je, ni lazima kutumia chumvi ya haluli, ile inayouzwa kwa jina la Epsom? Huku kwetu ni ghali.
Jibu: Si lazima. Ushahidi kwamba madini yake hupenya ngozi kwa kiasi cha kutibu kiungo ni dhaifu. Kazi hufanywa na maji yenyewe. Karafuu na mchaichai hunukia vizuri, nami huvitumia kwa sababu hiyo tu.

Swali: Shikamoo. Mama yangu ana kisukari na nyayo zake zina ganzi. Nimloweke?
Jibu: Marahaba, mwanangu. Hapana. Mwenye ganzi anaweza kuungua asijue, na ngozi iliyolowa muda mrefu hupasuka na kuwa kidonda. Mwoshe upesi kwa maji uliyoyapima wewe, umkaushe, kisha umkague nyayo kila siku.

Swali: Baba anaishi Tanga na ana matende. Maji ya chumvi yatapunguza mguu?
Jibu: Chumvi haitaupunguza, lakini usafi una faida kubwa kuliko watu wanavyodhani. Auoshe kila siku kwa sabuni na maji safi, aukaushe kila mkunjo, auinue anapoketi na achezeshe kifundo. Vijidudu vinavyoingia kwenye nyufa za ngozi ndivyo huleta homa na kuuzidisha uvimbe. Homa ikija na mguu ukiwa wa moto, apumzike, awekewe kitambaa cha maji ya baridi, apelekwe kituo cha afya, na asikandwe kwa maji ya moto kabisa.

Swali: Nina ujauzito wa miezi saba na miguu yote huvimba jioni.
Jibu: Maji ya baridi kiasi na kulala kwa ubavu wa kushoto hayana madhara. Lakini mikono na uso vikivimba ghafla, kichwa kikauma au macho yakaona ukungu, usingoje tarehe ya kliniki. Hizo ni dalili za kukaribia kifafa cha mimba.

Swali: Vifundo vya mume wangu vilianza kuvimba alipoanza dawa ya presha iitwayo amlodipine. Aache?
Jibu: Dawa hiyo inajulikana kuvimbisha vifundo, na kuloweka hakutaondoa chanzo. Asiiache mwenyewe, kwa kuwa presha inaweza kupanda. Aende na vidonge vyenyewe mkononi, amwonyeshe daktari, amweleze ni lini uvimbe ulianza. Mara nyingi kipimo hupunguzwa au dawa hubadilishwa.