Kuomba ufadhili na mkopo wa chuo ukiwa Lamu: anza na majina

Ukishapangiwa kozi na KUCCPS, shirika la serikali ya Kenya linalogawa nafasi za vyuo, chuo hukupa barua ya kujiunga. Barua hiyo haina pesa. Pesa huombwa kando, kwenye tovuti ya HEF, ya serikali ya kugharimia elimu ya juu, na ni mambo mawili: ufadhili, ambao haurudishwi, na mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, unaorudishwa kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Nyumba inayoogopa riba ilizungumze jambo hilo mapema, isije ikakosa na ufadhili kwa sababu ya mkopo.

Kabla ya kufungua tovuti, tandika karatasi zote mkekani: matokeo ya KCSE (mtihani wa kidato cha nne), kitambulisho chako, cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi. Soma majina herufi kwa herufi. Shuleni uliandikwa Athman, kitambulisho kinasema Othman. Mama ni Fatma huku, Fatuma kule. Au jina la babu limo kwenye karatasi moja na nyingine halimo. Jirani anajua ni mtu mmoja, lakini mtambo hulinganisha herufi tu. Jina la KCSE ni gumu kubadilisha, kwa hivyo mara nyingi kinachorekebishwa ni kitambulisho, katika ofisi ya usajili wa watu. Hakitoki siku moja. Nenda mara mtihani unapokwisha, usingoje matokeo.

Aliyefiwa na mzazi huombwa cheti cha kifo. Hapa kwetu maiti huzikwa siku ile ile, na mara nyingi hakuna aliyekwenda kuandikisha. Ikipita miezi 6, huo huwa usajili wa kuchelewa, na hatua zake ni nyingi zaidi. Anzia kwa chifu. Hili ndilo huchukua muda kuliko yote, na mtoto yatima ndiye anayeuhitaji zaidi ufadhili huo, basi walezi walishughulikie angali kidato cha tatu.

Laini ya simu iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe. Ukijaziwa fomu saiba (duka la intaneti), usikubali kuwekewa namba wala barua pepe ya mwenye saiba: siri za kuingilia zitakwenda kwake, na muhula ujao hutaweza kufungua akaunti yako. Andaa pia wadhamini wawili, uwe na namba za vitambulisho na simu zao, nao wawe wamekubali kwa kinywa chao.

Maswali ya hali ya nyumbani ndiyo yanayoamua utapata kiasi gani. Jibu ukweli, na uhesabu sawasawa. Baba akiwa mvuvi, usiandike pato la mwezi mzuri wa kaskazi kana kwamba ndilo la kila mwezi. Kusi ikivuma kuna siku vyombo havitoki. Jumlisha mwaka mzima, gawanya kwa 12. Taja ndugu wote wanaolipiwa karo. Ukimaliza, pakua nakala ya fomu uiweke. Ukipangwa daraja la ufadhili lisilolingana na hali yenu, kata rufaa kwenye tovuti hiyo hiyo, na uambatishe ushahidi.

Usingoje wiki ya mwisho. Tovuti huelemewa, na anayetoka Faza au Kizingitini hungoja maji yajae ndipo mashua ivuke.

Baada ya hapo, omba basari, yaani msaada wa karo: ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge lako, Lamu Mashariki au Magharibi, na ya kaunti. Hizi hazina riba. Fomu hutaka muhuri wa chifu, na mara nyingi sahihi ya imamu au kasisi. Ambatisha barua ya kujiunga na orodha ya karo. Hundi huandikwa kwa jina la chuo, si lako. Namba yako ya usajili wa chuo ikikosekana au ikikosewa tarakimu moja, pesa hufika chuoni na zisijulikane ni za nani. Ukisikia hundi imetoka, peleka nakala ya orodha ya waliopewa kwa ofisi ya fedha ya chuo, uhakikishe zimeingia kwenye akaunti yako ya karo.