Jinsi ya kuomba taarifa ya akaunti ya vipande UTT AMIS na kupima faida yako

UTT AMIS ni taasisi ya Tanzania inayosimamia mifuko ya uwekezaji wa pamoja, na vipande ni sehemu za mfuko unazonunua. Wengi wenye vipande hupima maendeleo yao kwa kuangalia salio kwenye simu. Shida ni kwamba ndani ya salio hilo mna fedha ulizoweka mwenyewe. Kama unaongeza kila mwezi, litapanda hata mwaka ambao mfuko umedorora. Ili ujue faida yako ni ipi, omba taarifa kamili ya akaunti, inayoonyesha kila muamala, tarehe yake, bei ya kipande siku hiyo na idadi ya vipande ulivyopata.

Andaa namba ya akaunti yako ya uwekezaji, kitambulisho ulichofungulia akaunti na namba ya simu uliyosajili. Kwa salio peke yake, menyu ya *150*82# au programu ya simu ya UTT AMIS inatosha. Kwa historia yote, nenda ofisini kwao au andika barua pepe kutoka kwenye anwani waliyonayo kwenye kumbukumbu zako. Taja wazi unachotaka: taarifa ya miamala tangu siku ya kwanza hadi leo, kwa kila mfuko ulionao. Ukisema tu unataka kuona akaunti yako, unaweza kurudi na salio uliloliona jana kwenye simu.

Ukishaipata, fungua tovuti yao kwenye jedwali la thamani za mifuko. Utakuta thamani halisi ya kipande (mali za mfuko ukitoa madeni, zikigawanywa kwa vipande vyote), bei ya mauzo na bei ya manunuzi. Bei ya mauzo ni ile unayolipa wewe unaponunua. Ya manunuzi ni ile mfuko unayokulipa unapouza. Kwa Mfuko wa Umoja, ulioanza mwaka 2005, bei ya manunuzi iko chini ya thamani halisi kwa 1%, ambayo ni gharama ya kutoka. Mfuko wa Ukwasi hauna makato hayo. Unapohesabu fedha yako, tumia bei ya manunuzi, maana hiyo ndiyo itakayoingia mkononi.

Sasa chukua kalamu. Bei hizi ni za mfano tu. Mwezi Januari uliweka shilingi 1,000,000 kipande kikiwa 800, ukapata vipande 1,250. Mwanzoni mwa Julai ukaongeza 850,000 kwa bei ya 850, ukapata 1,000. Desemba thamani halisi ni 900, bei ya manunuzi 891. Vipande 2,250 mara 891 ni shilingi 2,004,750. Toa 1,850,000 ulizoweka, inabaki 154,750. Hiyo ndiyo faida.

Ukiigawa kwa 1,850,000 unapata kama 8.4%, ila hesabu hiyo inakupunja, kwa sababu zile 850,000 zimefanya kazi nusu mwaka tu. Zihesabu kama 425,000. Jumla ya fedha iliyofanya kazi mwaka mzima inakuwa 1,425,000, na faida yako ni karibu 10.9%. Mfuko wenyewe umekua kutoka 800 hadi 900, yaani 12.5%. Hizi ni namba mbili tofauti na zote ni za kweli. Ya kwanza inakueleza wewe umepata nini baada ya makato, ya pili inakueleza wasimamizi wa mfuko wamefanya nini. Usizichanganye, na ukitaka kuulinganisha mfuko na kitu kingine, tumia ya pili.

Kwa mifuko inayotoa gawio, kama Jikimu na Hatifungani, kuangalia bei ya kipande peke yake kutakudanganya. Gawio likitoka, bei hushuka au hubaki palepale, na mtu hudhani amepata hasara kumbe fedha imeshaingia benki. Jumlisha gawio lote la mwaka kwenye faida. Hili nalisisitiza kwa sababu ndilo linalowafanya watu wauze mfuko mzuri kwa hasira.

Kulinganisha sasa. Umoja una hisa, pia una hatifungani (mikopo kwa serikali au kampuni) na amana, kwa hiyo haufuati kiashiria kimoja cha soko, yaani namba inayoonyesha bei za hisa kwa jumla zimepanda au zimeshuka. Upande wa hisa, tazama kiashiria cha TSI cha Soko la Hisa la Dar es Salaam, kinachohesabu kampuni za ndani. DSEI, kiashiria kingine cha soko hilo, hubeba pia kampuni za Kenya zilizoorodheshwa huku, kama KCB na EABL. Kumbuka viashiria hivyo hufuata bei tu, havijumlishi gawio. Kisha angalia mfumuko wa bei unaotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) kila mwezi, na riba ambayo benki yako ingekupa kwa amana ya muda maalumu baada ya kodi ya zuio ya 10%. Mfuko ukishindwa na vyote hivyo mwaka mmoja, subiri. Ukishindwa miaka mitatu mfululizo, soma taarifa ya mwaka wa fedha unaoishia 30 Juni na uulize maswali kwenye mkutano mkuu wa wawekezaji. Ni mahali pako pa kuuliza.

Ukikuta malipo uliyofanya hayamo kwenye taarifa, peleka ujumbe wa muamala wa simu au stakabadhi ya benki, na uandike malalamiko kwa maandishi yenye tarehe. Baki na nakala. Usipojibiwa, mamlaka inayosimamia mifuko hii ni CMSA, yaani Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, na nakala hiyo ndiyo utakayoanza nayo.