Namna ya Kuanzisha Mafunzo ya Usalama wa Maabara Mtandaoni kwa Watafiti Wapya

Semina ya usalama wa maabara inayofanyika mara moja kwa mwaka, chuo kinapofunguliwa, humkuta mwanafunzi wa shahada ya kwanza lakini humkosa mtafiti. Mwanafunzi wa uzamivu huripoti Februari kibali chake cha utafiti kinapotoka, msaidizi wa mradi huajiriwa Juni fedha za mfadhili zinapoingia, na mgeni kutoka chuo kingine huja kwa wiki chache kutumia mashine moja. Hao ndio wanaopewa ufunguo na kufanya kazi peke yao hadi usiku. Mafunzo ya mtandaoni huwafaa kwa sababu yanaweza kuanza siku ileile mtu anaporipoti, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mratibu au fundi sanifu aliyekabidhiwa kazi ya kuyaanzisha.

Kompyuta isubiri kwanza. Chukua daftari na simu, uzunguke maabara moja baada ya nyingine pamoja na fundi sanifu, ambaye mara nyingi anajua kilichomo kabatini kuliko profesa. Andikeni kemikali zilizopo na mahali zinapowekwa, kama mitungi ya gesi imefungwa kwa mnyororo au imesimama tu, ilipo swichi kuu ya umeme, na nani hupigiwa simu jambo likitokea saa 3 usiku. Pigeni picha za kila kitu. Katika mzunguko wangu wa kwanza wa namna hiyo tulikuta bomba la kuoshea macho limezibwa na maboksi ya chupa za sampuli, na tulipolifungua likatema maji ya kutu kwa muda mrefu kabla ya kutakata. Kasoro za aina hiyo zirekebishwe kwanza, kisha picha zenu ziwe ndizo msingi wa kozi, kwa kuwa kozi iliyokopwa nzima kutoka chuo cha ng'ambo itamwonyesha mtafiti milango na ving'ora ambavyo kwenu havipo.

Yaliyomo yagawanywe katika moduli moja fupi ya wote, na nyingine kulingana na kazi ya mtu: kemikali, damu na vimelea, gesi, mionzi. Katika ile ya wote, fundisha alama 9 za hatari za GHS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha kemikali na kuziwekea lebo, kisha namna ya kusoma karatasi ya taarifa za usalama inayoambatana na kila kemikali. Karatasi hiyo ina sehemu 16, na kumlazimisha mtu azikariri zote ni kumchosha bure. Chukua chupa ya asidi ya salfuriki iliyoko rafuni kwenu, uioneshe lebo yake kwa karibu, halafu umwongoze mtafiti kwenye sehemu ya 4 inayoeleza huduma ya kwanza, ya 7 inayohusu kushika na kuhifadhi, na ya 8 inayotaja vifaa kinga. Majina ya kemikali yaachwe kama yalivyoandikwa kwenye chupa, lakini hatua za dharura ziandikwe kwa Kiswahili hata kama masomo yenu ni ya Kiingereza, maana mtu aliyerukiwa na asidi usoni hana muda wa kutafuta tafsiri. Kumbuka pia bando: video isizidi dakika chache, na maandishi yaweze kupakuliwa. Kama chuo chenu kinatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi mtandaoni, programu yake ya simu inaruhusu kupakua masomo na kuyasoma nje ya mtandao.

Jaribio la mwisho ndilo linaloharibiwa zaidi. Swali la "Je, ni lazima kuvaa glavu?" halipimi kitu. Uliza glavu ipi. Mwezi Agosti 1996, Karen Wetterhahn, profesa wa kemia katika Chuo cha Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethylmercury, kemikali ya zebaki yenye sumu kali, juu ya glavu za mpira alizokuwa amezivaa. Kemikali ikapenya, naye akafariki Juni 1997. Tengeneza benki kubwa ya maswali yanayochaguliwa na mfumo kwa bahati, ili majibu yasizunguke WhatsApp, na maswali ya dharura yawe ni ya kupata yote, bila kujali wastani.

Kisha mafunzo yafungamanishwe na ruhusa ya kuingia maabara. Tarehe 29 Desemba 2008, katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, msaidizi wa utafiti Sheharbano Sangji, mwenye umri wa miaka 23, alikuwa akivuta kwa sirinji kemikali inayowaka yenyewe ikigusa hewa, hali hajavaa koti la maabara. Pistoni ya sirinji ikachomoka, nguo zake zikashika moto, naye akafariki baada ya siku 18. Wakaguzi wa jimbo walipofuatilia, hawakupata kumbukumbu ya kuonesha kwamba alifundishwa. Kwa hiyo mfumo utunze jina, tarehe, alama na moduli zilizopitiwa, na mtu akihamia maabara nyingine apitie moduli ya huko. Wasimamizi nao wafanye jaribio hilohilo. Watalalamika, lakini mwanafunzi huiga anachomwona profesa wake akikifanya.

Kabla ya kuyatangaza mafunzo, wape watu watatu wayajaribu, mmoja wao akiwa fundi sanifu, ukae kimya pembeni ukiangalia wanapokwama.

Cheti cha mtandaoni kisitoshe kumpa mtu ufunguo. Kiwango cha Marekani cha ANSI Z358.1 kinataka bomba la kuoshea macho lifikiwe ndani ya sekunde 10 hivi na liweze kutoa maji kwa dakika 15. Msimamishe mtafiti mpya kwenye meza atakayofanyia kazi, mwambie afumbe macho, wewe ukimfuata nyuma asijikwae, aende kulitafuta bomba kwa kupapasa. Akilifikia na kulifungua, tia saini fomu yake.