Kufufua kiti cha mbao cha miaka ya 1960: anza na maungio, msasa baadaye

Ukipata kiti cha zamani chenye miguu myembamba iliyotanuka na mikono iliyochongwa kwa mkunjo laini, usikimbilie vanishi. Uzuri wake ni umbo, na umbo linashikwa na maungio. Mafundi wazuri wa Keko, eneo la mafundi samani jijini Dar es Salaam, wataihifadhi kazi hii ukiwaeleza hivyo mapema. Usipowaeleza, utarudishiwa kiti kinachong'aa huku kinacheza.

Hatua ya 1: Ijue mbao. Kipindue, utazame sehemu ambayo rangi haikufika. Ni mtiki, mninga au mvule? Kwenye kabati na meza, angalia kingo: mistari ya mbao ikikatika ghafla ukingoni, huenda hiyo ni vinia, yaani tabaka jembamba la mbao lililobandikwa juu, na msasa wa mashine huitoboa upesi.

Hatua ya 2: Fungua maungio yanayocheza. Hapa usiwe na haraka. Tafuta kwanza skrubu au pini zilizofichwa. Andika alama kwenye kila kipande, kisha gonga taratibu kwa nyundo ya mpira. Gundi ya zamani itoe yote, kwa sababu gundi mpya haishiki vizuri juu yake. Gundi ya wanyama hulainishwa na kitambaa cha maji ya moto. Ile nyeupe ijaribu kwa siki ya vuguvugu. Kwangua gundi tu, mbao usiiguse: ulimi, yaani ncha inayoingia kwenye kipande kingine, ukipungua, hautakaza tena kwenye tundu lake. Mtiki una mafuta, kwa hiyo futa ulimi kwa asetoni, iache ikauke, ndipo upake gundi.

Hatua ya 3: Bana. Kama huna klampu, mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe unabana vizuri sana. Simamisha kiti kwenye sakafu iliyo sawa na upime mshazari pande zote mbili; vipimo vilingane. Kiache saa 24, na msimu wa masika kiongezee siku.

Hatua ya 4: Sasa uso wake. Osha kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, kausha, utazame upya. Mara nyingi kilichoonekana kama vanishi mbovu ni uchafu tu. Ikibidi kupiga msasa, tumia namba 180 kisha 240, kufuata mistari ya mbao, na uvae barakoa. Vumbi la mvule huwasha pua na kifua. Maliza kwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba. Vitambaa ulivyotumia kupaka mafuta usivirundike, maana huweza kujiwasha moto vyenyewe: vitandaze nje, kimoja kimoja, mpaka vikauke.