Bomba linavuja uani: usishike jembe kabla ya kuiuliza mita ya maji

Kosa lililonifundisha kazi hii nililifanya Fuoni, hapa Unguja. Bi mkubwa mmoja aliniita kwa sababu bili imepanda, nami nikaingia moja kwa moja na jembe. Nilifuata bomba karibu mita nne, mchanga mkavu mtupu. Mwisho mwanawe akapanda juu ya tangi: boya la kuzuia maji tangi likijaa halifungi, maji yanafurika na kumwagikia nyuma ya nyumba, kwenye shina la mpapai. "Na mie nasema mpapai wangu una baraka," akacheka bi mkubwa, "kiangazi chote unazaa!" Tangu siku ile jembe langu linabaki getini mpaka mita iseme.

Hatua ya 1: Soma mita wakati maji yanakuja

Kwetu maji huja kwa zamu, na pengine usiku wa manane. Bomba likiwa tupu, mita haikwambii kitu. Yakianza kuja husukuma hewa mbele, na hewa nayo huizungusha mita, kwa hiyo subiri mpaka mfereji uache kutema.

Sasa funga mifereji yote. Funga na koki ya kuingilia kwenye tangi. Kama haipo, nyanyua boya ulifunge kwa kamba, uhakikishe halidondoki hata tone. Kitazame kile kinyota kidogo kwenye uso wa mita. Kikizunguka, maji yanapotea baina ya mita na tangi. Kikitulia, bomba hilo ni zima. Shuku boya, au mabomba yanayotoka kwenye tangi. Haya ya pili yapime hivi: usiku, maji ya kuingia tangini yakiwa bado yamefungwa, chovya ufito ndani ya tangi utie alama, na alfajiri, kabla mtu hajatawadha, pima tena.

Usidharau uvujaji mdogo. Robo lita kwa dakika ni lita 360 kwa siku, yaani ndoo 18 za lita 20.

Na kama tope liko upande wa barabarani, kabla ya mita, hapo si pako. Waarifu ZAWA, mamlaka ya maji ya Zanzibar.

Hatua ya 2: Litafute tundu

Anza na vinavyoonekana: viungo vya mita, koki, mguu wa mfereji wa uani, na bomba linalopanda tangini, maana PVC (plastiki ngumu) ikipigwa na jua miaka mingi hukauka na kupasuka. Mara nyingi safari huishia hapo.

Kwenye ardhi ya mchanga au udongo, fuata unyevu na majani mabichi. Lakini kwenye maweni, yaani ardhi ya mawe, kama Jambiani au Makunduchi, usingoje tope: maji yanazama kwenye nyufa za jiwe na juu pakavu kabisa. Hapo mimi husikiliza. Usiku, ncha ya bisibisi ndefu naiweka kwenye bomba, mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Tundu hulia "shiii", na kadiri unavyokaribia ndivyo linavyozidi. Bomba la chuma husema vizuri. La plastiki huficha. Likinyamaza, funga koki ya mita, kata bomba katikati ya njia, ziba upande wa mita kwa plagi, fungua tena, kisha tazama kinyota. Kikizunguka, tundu liko nusu hiyo. Kikitulia, liko ya pili.

Hatua ya 3: Chimba, kata, unga

Funga koki ya mita. Ukikaribia bomba weka jembe chini, tumia mikono. Chimba mpaka shubiri moja chini ya bomba, msumeno upate kupita na tope lisiingie ndani. Mtaro uwe mrefu, mita moja na nusu hivi, ili bomba lipindike uweze kupenyeza kipande kipya na soketi zake mbili. Wavivu wa kuchimba hulazimisha, na kiungo kinavuja siku ya pili.

PVC: kausha, piga msasa, paka gundi pande zote mbili, ingiza huku unazungusha kidogo, shikilia nusu dakika. Iache ilale usiku mzima. Poli nyeusi, lile bomba laini la plastiki, haishiki gundi kabisa. Nunua viungo vya kukaza. Bomba la chuma lililoliwa na kutu, badilisha lote. Kulifunga tundu kwa mpira wa ndani wa baiskeli ni kwa kukufikisha asubuhi tu.

Tundu likiwa karibu na karo la choo, usiliache wazi hadi kesho. Maji yakikatika, bomba hunyonya uchafu wa nje kupitia tundu hilohilo. Ukimaliza, yamwage maji ya mwanzo.

Hatua ya 4: Fukia

Fungua maji mtaro ukiwa wazi, rudi kwenye kinyota. Kimetulia? Tandika mchanga laini chini ya bomba, na shubiri moja juu yake, ndipo urudishe kifusi. Matundu mengi ninayoyakuta yametobolewa na jiwe la matumbawe lililofukiwa limegusana na bomba, gari likipita linalisukuma.

Kabla hujafukia, pima hatua kutoka ukutani mpaka kwenye bomba. Mimi huziandika kwa rangi nyuma ya mlango wa stoo.