Kutambua na Kuweka Kumbukumbu za Rangi Zenye Sumu Kwenye Majalada ya Vitabu vya Kale

Anza na mwaka na mahali kitabu kilipochapishwa, kwa kuwa majalada ya kutiliwa shaka zaidi ni yale ya kitambaa cha kijani kikali yaliyotengenezwa Uingereza na Marekani kati ya miaka ya 1840 na 1860, wakati rangi yenye shaba na aseniki, ambayo ni sumu, ilipopendwa sana. Kabla ya kukigusa, vaa glovu za nitrili (mpira wa kutengenezwa viwandani) na ukiweke juu ya meza ngumu inayofutika, wala usikipulize vumbi.

Chunguza kingo za kitambaa zilizokunjwa ndani ya jalada, kwa sababu mgongo uliopigwa na mwanga mara nyingi hugeuka hudhurungi na kukudanganya. Ukiona chembe za kijani zimedondoka mezani, lichukulie jambo hilo kwa uzito. Hata hivyo, jicho halithibitishi. Kipimo cha eksirei ndicho kinachoonyesha aseniki na shaba, au metali za risasi na kromiamu katika baadhi ya rangi za njano, bila kulikwangua jalada.

Andika jina la kitabu, mchapishaji, mwaka, mahali rangi ilipo, hali ya kitambaa, aina ya kipimo na tarehe yake, kisha piga picha pamoja na kadi ya rangi za kulinganishia. Naona ni muhimu kuandika pia vitabu vilivyopimwa vikakutwa salama, ili mwingine asirudie kazi hiyo. Kitabu chenye sumu kitie katika mfuko wa polithini unaofungika, ubandike onyo juu ya mfuko, kamwe si juu ya jalada, kisha unawe mikono.